Programu ikikubali haraka, angalia Ruzizi

Bukavu ina neema moja kwa mtu anayechora ramani za maji: hana haja ya kubahatisha maji yanaishia wapi. Ziwa Kivu liko mbele ya macho, kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yote yanayoliingia, ya upande wetu wa Kongo na ya upande wa Rwanda, yana mlango mmoja tu wa kutokea. Mlango huo ni Ruzizi. Unaanzia hapahapa mjini, unatutenganisha na Rwanda, kisha unashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu akiniletea ramani ya mikondo ya maji aliyoitoa kwenye programu za ramani kama QGIS au ArcGIS, sianzi kutazama rangi wala legenda. Natafuta Ruzizi. Kama Ruzizi umetoka mwembamba, halafu kijito fulani cha mlimani kimeupita kwa unene, ramani hiyo imekufa hata kama imechapishwa kwenye karatasi ya bei.

Nimekaa na kazi hii miaka mingi, na siku hizi sehemu yake kubwa si kuchora. Ni kufungua kompyuta za watu. Wanakuja wanafunzi wa mwaka wa mwisho wenye tarehe ya utetezi shingoni, mafundi wa miradi ya maji ya bomba, vijana wa mashirika walioambiwa Ijumaa kwamba ramani inatakiwa Jumatatu. Wengi wanakuja na ujumbe mwekundu kwenye kioo, wanaomba msamaha kama vile wameivunja mashine. Hao ndio wenye afadhali. Programu iliyogoma itakwambia imegomea wapi. Ninaowaogopa ni wale ambao programu imewakubalia kila kitu, kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho.

Chukua huo huo Ruzizi. Data ya mwinuko wanayotumia wengi hapa ni SRTM: Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima sura ya nchi kwa rada kwa siku 11, na leo data yenye pikseli, yaani miraba midogo, za mita kama 30 inapakuliwa bure. Inakuja kwa vipande vya mraba, nyuzi moja kila upande. Bukavu iko kwenye kipande cha S03E028. Mtu anakipakua, anakata mstatili kuzunguka mji ili kompyuta isilemewe, anaendesha hesabu ya njia za maji, na kila kitu kinaenda sawa. Tatizo ni kwamba ule mstatili umelikata ziwa katikati. Kwa programu, ukingo wa data ndio mwisho wa dunia: maji yakifika pale yanamwagika nje, basi. Maji ya ziwa yanatokea kaskazini, ukingoni mwa mstatili, na Ruzizi unabakiwa na mvua ya vilima vya jirani. Wanajiolojia wanasema zamani hizo Kivu lilimwaga kaskazini kweli, upande wa Ziwa Edward, kabla volkano za Virunga hazijaziba njia. Programu imerudi kwenye historia hiyo bila kujua, lakini aliyetumwa ramani ya mafuriko ya leo hakuulizwa habari za kale.

Dawa yake ni kupakua vipande vinne, S02E028, S02E029, S03E028 na S03E029, na kuviunganisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Vinne na siyo viwili, maana mstari wa nyuzi 29 mashariki unapita karibu na mji, na bonde la ziwa limeukalia pande zote mbili. Hapo sasa unapata pikseli kama milioni 52, na kompyuta inaanza kulia. Zana ya r.watershed ya GRASS, programu nyingine ya ramani, ndiyo inayokokotoa maji yanakoelekea, na inakula takriban megabaiti 31 za kumbukumbu kwa kila pikseli milioni moja, yaani gigabaiti 1.6 kwa hesabu hii peke yake. Ukiwa na mashine ya gigabaiti 4, tena umefungua kivinjari na WhatsApp pembeni, itaganda. Kuna chaguo la -m linaloifanya itumie diski badala ya kumbukumbu. Inachelewa, lakini inafika.

Naipenda r.watershed kwa uungwana wake mmoja. Pikseli yoyote ambayo huenda inapokea maji kutoka nje ya ramani, inaiandikia mkusanyiko, yaani hesabu ya pikseli zinazoimwagia maji, wa thamani hasi. Ni namna yake ya kusema: hapa sina hesabu kamili, usiniamini. Watu wanaona namba hasi wanadhani ni hitilafu, wanazigeuza chanya kwa kikokotoo cha rasta (data ya miraba) au wanawasha chaguo la -a, na wanaendelea na safari. Onyo lenyewe ndilo walilofuta. Nikikuta Ruzizi una thamani hasi kwenye faili la mtu, siulizi swali la pili. Tunarudi kwenye vipande vinne.

Jambo la nyuzi na mita linasumbua karibu kila anayeanza, kwa hiyo nitalisema kwa kifupi. SRTM inakuja ikiwa na mlalo wa nyuzi na kimo cha mita. Ukikokotoa mteremko hivyohivyo, programu inadhani unapanda mita mia kwa sehemu ndogo ya kipimo kimoja cha mlalo, na nchi nzima inakuwa ukuta wa karibu nyuzi 90, mpaka uwanja wa mpira. Badilisha kwanza projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia kwenye karatasi, uweke ile ya mita: UTM kanda ya 35 kusini, namba 32735. Goma, Bukavu, Uvira, zote zimo humo. Kwenye orodha, 32635 ambayo ni ya kaskazini iko jirani, na kidole kinateleza. Wakati wa kubadilisha, chagua njia ya bilinia, inayochukua wastani wa pikseli za jirani, kwa data ya mwinuko, usiache ile ya jirani wa karibu ambayo mara nyingi ndiyo iliyotangulia kuwekwa. Hiyo inaacha mistari ya ngazi ambayo maji yataifuata kwa utiifu. Lakini rasta ya mwelekeo wa maji usiibadilishe kabisa. Zile ni alama za pande, si vipimo, na wastani wa mashariki na kusini haupo. Ikokotoe upya.

Kuna pia matoleo ya data yenye mapengo kwenye milima mikali, palipoandikwa -32768 kumaanisha hapana kitu. Ikiwa faili halijatangaza kwamba namba hiyo ni pengo, programu inaona shimo la kilomita 32 kwenda chini, na mto wowote ulio karibu unageuka kuliendea. Ukiona mikondo yote inakimbilia doa moja mlimani, bofya lile doa usome thamani yake kabla ya kuandika nadharia kuhusu mapango.

Mengine ni ya kawaida tu, na yanaudhi kwa sababu ni ya kawaida. Folda inaitwa "Données mémoire", yenye nafasi na herufi za Kifaransa, na zana za zamani zinakufa bila kusema sababu; weka kila kitu kwenye C:\kawa na maisha yaendelee. Jedwali la GPS limetoka kwenye Excel ya Kifaransa, koma imechukua nafasi ya nukta, na 28,85 inasomwa kama maneno. Tabaka la muda halikuhifadhiwa, umeme ukakatika, betri ikafuata. Zana za SAGA, programu nyingine ya aina hii, zimetoweka kwenye QGIS mpya kwa sababu haziji tena ndani yake, ni lazima uongeze kiendelezi. Basi, tuyaache hayo.

Kilichonifundisha zaidi ni mto Kawa, unaoshuka kutoka Kadutu na kumwaga ziwani. Binti mmoja alikuwa anaandika kuhusu mafuriko yake, na alitaka basini, yaani bonde zima linaloumwagia mto huo maji. Alifika na kompyuta mkononi, hata kiti hakukigusa.

"Yaya, basini yangu iko kadogo sana. Iko tu kama parseli ya mutu."

"Pointi uliiweka wapi?"

"Palepale ku daraja. Niliichukua na simu."

Hakuwa anadanganya, na simu haikudanganya sana. Tulisogeza picha mpaka pikseli zikaonekana moja moja kama zilivyo, miraba ya mita 30. Mkondo uliochorwa na programu ulipita upande wa kushoto. Nukta yake nyekundu ilikuwa miraba miwili kulia, kwenye ukingo wa mteremko, juu ya nyumba ya mtu. Ukiuliza programu ni ardhi gani inayomwaga kwenye mraba ule, itakujibu sawasawa: kipande kidogo cha mteremko kilicho juu yake. Swali lilikuwa la ile nyumba, si la Kawa. Tukaivuta nukta mpaka kwenye pikseli yenye mkusanyiko mkubwa kuliko zote zilizo karibu, bonde likafunguka mpaka juu milimani. Kuna zana zinazovuta zenyewe, ila umbali wa kuvuta uwe mfupi. Ukiuachia mkubwa karibu na makutano ya mito miwili, nukta inarukia mto mkubwa, unapata bonde kubwa la kupendeza ambalo si lako.

Angeweza kuishia hapo na kamati yake ingempitisha. Nikamwambia twende kwenye lile daraja, maana ni mwendo mfupi na mvua ilikuwa imekatika. Pale kuna mama anayeuza makaa, anaujua ule mto kwa sababu unampandia mpaka kwenye magunia. Binti akamwamkia, akamwonyesha ramani kwenye simu, akamweleza mpaka wa bonde. Yule mama akaangalia, akatikisa kichwa.

"Maji ya humu haitokake tu kule juu, binti yangu. Na ya ile barabara inaingiaka humu. Angalia ule mufereji."

Mfereji wa barabara ulikuwa unaleta maji kutoka upande ambao, kwa mujibu wa mwinuko, ni bonde lingine. Hakuna SRTM itakayouona mfereji wa upana wa mita moja. Hata data ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30, ambayo ni mpya zaidi na mimi naiona safi zaidi kwenye milima yetu, haiwezi. Tena zote mbili zinapima kile ambacho rada imekigonga, na kwenye mtaa uliobanana kama Kadutu rada inagonga mabati. Binti akafuata ile mifereji kwa miguu na GPS, akachora kwa mkono eneo la nyongeza na kulipa rangi yake. Kwenye utetezi ndilo waliloliulizia zaidi.

Wenye pesa ya droni wanadhani wamepona na haya. Wamepata mengine. Kwenye data ya droni daraja lenyewe ni ukuta unaokatiza mto. Ukitumia njia ya kujaza mashimo, ambayo ndiyo watu wanafundishwa kwanza, programu inajaza bonde mpaka juu ya daraja, inatengeneza ziwa ambalo halipo, kisha inayapitisha maji juu ya lami. Hapo inafaa kutoboa badala ya kujaza: WhiteboxTools ina zana inayochimba mfereji mwembamba kupitia kizuizi, na mto unapita chini ya daraja kama unavyopita kweli. Kwa data ya mita 30 madaraja ya kwetu hayaonekani kabisa, kwa hiyo usijichoshe nayo.

Sasa kosa ambalo lilinichukua muda mrefu kulikamata kwenye kompyuta ya fundi mmoja, kwa sababu ramani yake ilikuwa karibu sahihi. Mito ilikuwa na sura ya mito, ila kila mmoja ulikuwa umepinda, unapanda ukingo wa bonde kwa mshazari badala ya kukaa chini. Alikuwa amekokotoa mwelekeo wa maji kwenye GRASS, halafu mkusanyiko kwenye TauDEM, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa sababu mwenzake alimwambia TauDEM ina kasi. Zote mbili zinaandika pande nane kwa namba 1 mpaka 8, na zote zinazunguka kinyume cha saa. Lakini TauDEM inaanzia mashariki, na GRASS inaanzia kaskazini-mashariki. Namba 2 kwa GRASS ni kaskazini. Kwa TauDEM ni kaskazini-mashariki. Maji yote yalikuwa yamezungushwa nyuzi 45, na hakuna kengele iliyolia, maana kila namba ilikuwa halali. ArcGIS yenyewe inaandika 1, 2, 4, 8 mpaka 128, inafuata saa kuanzia mashariki. Ukiichanganya na hizo nyingine angalau kunatokea fujo la kuonekana kwa macho. Ushauri wangu kwake ulikuwa mkali kidogo: ukianza na zana ya nyumba moja, malizia kwenye nyumba hiyohiyo.

Mistari iliyonyooka juu ya ziwa, sambamba kama imechorwa kwa rula, isimtishe mtu. SRTM imelilaza ziwa liwe bapa kabisa, na mahali bapa programu haina sababu ya kuchagua upande, inajitungia njia ya kufika Ruzizi. Acha ziwa wakati wa hesabu ili maji yavuke, kisha lifunike wakati wa kuchora. Kwenye tambarare ya Ruzizi, kuanzia Kamanyola kushuka, kitu kilekile kinatokea nchi kavu, maana vimo vimeandikwa kwa mita kamili na nchi inashuka taratibu. Pale nachukua mstari wa mto kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, naukagua juu ya picha ya setilaiti, na naushusha chini ya ardhi kwa mita chache ili maji yaufuate. Bila kuukagua, unachimba mto mahali usipopita.

Goma ni habari nyingine. Rafiki wa huko alinitumia ramani ya mikondo inayoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo mpaka ziwani, akaniuliza kwa nini hailingani na uwanjani, arekebishe wapi. Niliipitia hatua kwa hatua. Projeksheni sawa, vipande sawa, mwelekeo sawa. Hakukuwa na cha kurekebisha kwenye programu. Pale Goma ardhi ni lava, imejaa nyufa na matundu, na mvua inazama ndani kabla haijawa mto. Ndiyo maana mji unategemea maji ya ziwa na hauna mito ya kuusaidia. Modeli ya mwinuko inajua mahali palipo chini, haijui mwamba unaokunywa. Halafu ni modeli ya Februari 2000, na Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Nilimwambia achukue ramani ya jiolojia, aikate mikondo yote iliyo juu ya lava changa, na ile anayotaka kubaki nayo aiite njia za maji ya mvua kubwa, asiiite mito. Hakufurahi. Mfadhili alikuwa ameomba mito.

Na hapa ndipo mjadala wa kizingiti unapokuja, ambao wanafunzi wanaufanya kuwa wa urembo. Kizingiti ni idadi ya pikseli ambazo zikimwaga mahali pamoja, unakubali kuuita mkondo. Kwenye GRASS kinaandikwa kwa pikseli. Mtu anarithi namba 1,000 kutoka kwenye mwongozo ulioandikwa kwa data ya mita 90, anaitumia kwa data ya mita 30, na hajui kwamba pikseli moja ya zamani ni tisa za sasa; mikondo inajaa ramani nzima. Au anapandisha kizingiti mpaka ramani iwe safi. Daraja za Strahler, yaani cheo cha mto kinachopanda vijito vinapoungana, nazo zinafuata kizingiti hichohicho, kwa hiyo mwalimu akiuliza Kawa ni mto wa daraja la ngapi, jibu la kweli linaanza na: kwa kizingiti kipi?

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilipiga Kalehe, kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafunikwa na maji na matope. Walikufa zaidi ya watu 400. Vijito vilivyoshuka pale ni vifupi, vikali, vyenye mabonde madogo. Ukiweka kizingiti kinachoupendezesha Ruzizi, vijito vya aina hiyo vinafutika, na juu ya kijiji ramani inaonyesha mlima mtupu. Tangu hapo nikiombwa ramani ya ufuo wa magharibi natoa mbili. Ya bonde zima inaweza kuwa safi inavyotaka. Ile ya Kalehe naiwekea pikseli 200, kama hekta 18, inatoka na msongamano wa mistari, kisha nakaa na picha ya setilaiti na kufuta mmojammoja ile isiyo na mkondo. Mkuu mmoja wa mradi aliniambia ya pili ina fujo, nimpunguzie. Nilimwongezea majina ya vijiji.